Mimea ya tangi la samaki: ipandwe vizuri, isifike ziwani

Tangi la kioo lenye mimea hai na samaki wadogo linaweza kukaa sebuleni, darasani au katika ukumbi wa wageni na kupendeza kwa miaka mingi. Si lazima liwe kubwa wala liwe na vifaa vya bei ya juu. Linahitaji maji yaliyotayarishwa, mwanga wa kiasi, mimea inayofaa na subira ya wiki chache kabla ya samaki wa kwanza kuingia.

Kwa wakazi wa Kaunti ya Nakuru kuna jambo moja zaidi. Kaunti hii ina Ziwa Naivasha, ziwa la maji yasiyo na chumvi ambalo tangu mwaka 1995 limo katika orodha ya kimataifa ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu mkubwa. Wavuvi, mashamba ya maua, hoteli, wanyamapori na familia nyingi hulitegemea. Mmea unaotupwa mtaroni au samaki anayeachiliwa mtoni anaweza kulifikia ziwa hilo, akaishi na kuzaana. Ndiyo maana anayejifunza kuanzisha tangi anapaswa kujifunza pia namna ya kuondoa kinachozidi.

Naivasha imeshaona hasara hii

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mmea mdogo unaoelea uitwao Salvinia molesta ulionekana katika Ziwa Naivasha. Asili yake ni Brazili, na umeenea duniani kwa sehemu kubwa kupitia biashara ya mimea ya matangi ya samaki na vidimbwi vya bustani. Mmea huu hauzai mbegu. Huongezeka kwa vipande: kipande kimoja kikikatika, huwa mmea mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaja gugumaji, ambalo nalo lilitoka Amerika Kusini na kusambazwa na watu waliopenda maua yake ya zambarau.

Ili kupunguza Salvinia, wataalamu waliachilia fukusi wadogo wanaoula mmea huo peke yake, na kazi yao ilisaidia sana. Gugumaji lingali likionekana ziwani hadi leo. Likisukumwa na upepo na kurundikana ufukweni, huziba njia za mashua, hunasa nyavu na kuzuia mwanga usifike chini ya maji.

Wanyama nao wamelibadilisha ziwa. Mwaka 1970, kamba mwekundu wa maji baridi kutoka kusini mwa Marekani aliingizwa Naivasha kwa ajili ya biashara. Alizaana haraka na kula mimea. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, mimea iliyokuwa ikiota chini ya maji na yungiyungi la buluu lililopamba kingo vilikuwa karibu vimetoweka. Karibu mwaka 2001 akaonekana samaki aina ya karpu. Inaaminika kwamba alitoroka kutoka mabwawa ya kufugia samaki katika eneo la Mto Malewa wakati wa mvua kubwa. Leo karpu ni sehemu kubwa ya samaki wanaovuliwa ziwani. Ni kitoweo na kipato, lakini pia hufukua matope na kuyachafua maji, na hakuna aliyepanga awe humo.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini kipande kimoja kinatosha kuleta shida. Mmea unaojizidisha mara mbili kila wiki huwa mimea 1,024 baada ya wiki 10. Baada ya wiki 20 huwa zaidi ya milioni moja. Salvinia ikipata joto na maji yenye rutuba inaweza kuongezeka kwa kasi kubwa kuliko hiyo.

Kuchagua tangi na mahali pa kuliweka

Anayeanza hupata urahisi zaidi kwa tangi la kati kuliko bakuli dogo. Maji machache huchafuka haraka na hubadilika joto haraka. Tangi la urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 35 hubeba lita 63 likijaa kabisa. Ukiongeza kioo, mchanga na mawe, uzito wote unaweza kufika kilo 80 au zaidi. Kwa hiyo meza iwe imara na iliyonyooka, na chini ya tangi kuwekwe kipande chembamba cha sponji au foronya ili kioo kisipasuke kwa kukalia punje ya mchanga.

Fundi wa vioo anaweza kutengeneza tangi la ukubwa huo kwa kioo cha milimita 6. Gundi iwe silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu dawa hiyo huua samaki. Tangi jipya liachwe likauke hadi harufu kama ya siki iishe, kisha lijazwe maji nje ya nyumba kwa saa 24 ili kuona kama linavuja. Tangi lisioshwe kwa sabuni hata mara moja, kwani mabaki yake ni vigumu kuyaondoa.

Mahali pawe mbali na dirisha linalopigwa na jua la moja kwa moja. Jua hilo hupandisha joto mchana na kuotesha mwani wa kijani kwenye vioo. Pawe pia karibu na soketi ya stima, lakini soketi isikae chini ya tangi mahali maji yanapoweza kudondokea. Kila waya uning'inie chini kidogo ya soketi kabla ya kupanda kuingia humo, ili tone la maji linalotiririka juu ya waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Kabla ya kuingiza mkono majini, vifaa vyote vya stima vizimwe na kuchomolewa.

Mchanga na udongo

Mimea yenye mizizi huhitaji sakafu ya kushika. Njia nafuu ni kuweka tabaka la sentimita 2 hadi 3 la udongo wa kawaida wa bustani, uliochekechwa, usio na samadi wala mbolea, kisha kulifunika kwa sentimita 3 za mchanga wa mto au kokoto ndogo zilizooshwa hadi maji yatoke safi. Udongo huilisha mimea polepole, na mchanga huuzuia usitimke.

Mambo manne yaepukwe:

- Udongo kutoka kwenye shamba linalopuliziwa dawa za wadudu. Dawa nyingi za aina hiyo huua samaki hata zikiwa kidogo sana.
- Mchanga wa kingo za Ziwa Nakuru au Ziwa Elmenteita. Maziwa hayo yana magadi mengi, na mchanga wake hubadilisha maji ya tangi.
- Mawe yanayotoa povu yakidondoshewa siki. Povu hilo huonyesha kuwa jiwe lina chokaa, na chokaa hufanya maji yawe magumu.
- Mbolea ya shamba kama CAN, DAP au yurea. Mbolea hizo huingiza amonia majini, na samaki hufa kwa muda mfupi.

Mimea inayofaa kwa anayeanza

Mimea ya tangi hunyonya uchafu wa samaki, hutoa oksijeni mchana na huwapa samaki wadogo mahali pa kujificha. Ile inayovumilia makosa ya anayeanza ni hii:

Anubiasi, kutoka Afrika Magharibi na Afrika ya Kati, ina majani mazito ya kijani kibichi na hukua polepole. Haipandwi mchangani. Shina lake nene hufungwa kwa uzi juu ya jiwe au kipande cha mti; likifukiwa, huoza. Jimbi la Java, kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, hufungwa vivyo hivyo.

Kriptokorini, kutoka Asia, hupandwa kwenye udongo. Ikihamishwa inaweza kuangusha majani yote na kuonekana imekufa. Isitupwe. Mizizi ikiwa hai, majani mapya huchipuka baada ya wiki chache.

Valisneria ina majani marefu kama nyasi na hupandwa nyuma ya tangi. Hupeleka vichipukizi pembeni, hivyo hupunguzwa mara kwa mara.

Mimea inayoelea ya Salvinia, gugumaji na ile inayofanana na kabeji ndogo, iitwayo Pistia, isinunuliwe wala isichukuliwe ziwani, hata ikiwa ya bure. Ndiyo inayoongezeka haraka kuliko yote, na ndiyo iliyo rahisi kutoroka.

Kila mmea mpya hukaguliwa majani na mizizi. Mayai ya konokono huonekana kama tone la utelezi lenye nukta ndani yake. Mmea huoshwa kwa maji safi, kisha hukaa wiki mbili kwenye ndoo ya peke yake mahali penye mwanga. Ndoo ifunikwe kwa wavu, ili mbu wasipate mahali pa kutaga. Maji ya ndoo hiyo yakiisha kazi humwagwa kwenye udongo mkavu, si mtaroni.

Maji ya mfereji, ya kisima na ya mvua

Maji ya mfereji hutiwa klorini ili yawe salama kwa watu. Klorini hiyo huunguza matamvua ya samaki na kuua bakteria wazuri wa tangi. Maji yakiachwa kwenye ndoo wazi kwa saa 24, klorini ya kawaida hutoka. Kuyakoroga au kuyapitishia hewa kwa pampu huharakisha kazi hiyo. Palipotumika klorini iliyochanganywa na amonia, kusubiri hakutoshi, na dawa ya kuondoa klorini kutoka duka la samaki huhitajika.

Maji ya visima virefu katika Bonde la Ufa mara nyingi yana magadi, hivyo kipimo chake cha pH huwa juu. Jambo hili lina uzito kwa sababu sumu ya amonia huongezeka pH inapopanda. Katika maji ya nyuzi joto 25, pH ikiwa 7, chini ya asilimia 1 ya amonia huwa katika hali ya sumu kali. pH ikiwa 8, hufika karibu asilimia 5. pH ikiwa 9, huwa zaidi ya theluthi moja. Kiasi kile kile cha chakula kilichooza ambacho hakimdhuru samaki kwenye tangi moja kinaweza kumuua kwenye tangi la jirani.

Anayetumia maji ya kisima anaweza kuyachanganya na maji ya mvua, ambayo hayana magadi. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe ioshe vumbi la mabati kabla ya kukinga. Mchanganyiko ukishapatikana, uwe ule ule kila wiki. Samaki huvumilia maji yasiyo bora kabisa kuliko maji yanayobadilika kila mara.

Wiki sita bila haraka

Makosa mengi hutokea hapa. Tangi hupandwa Jumamosi, samaki wakanunuliwa Jumapili, na kufikia wiki ya pili wote wamekufa. Mara nyingi mwenye tangi hulaumu duka, lakini huenda samaki walikuwa wazima na tangi ndilo halikuwa tayari.

Mkojo wa samaki, kinyesi chao na chakula kilichobaki hugeuka kuwa amonia. Aina moja ya bakteria hubadilisha amonia kuwa naitraiti, ambayo bado ni sumu. Aina nyingine hubadilisha naitraiti kuwa naitreti, ambayo ikiwa kidogo haidhuru na mimea huitumia kama mbolea. Bakteria hao huishi kwenye sponji ya chujio, mchangani na juu ya mawe. Katika tangi jipya ni wachache mno, na huchukua wiki 4 hadi 6 kutosha.

Katika muda huo mimea huwa imeshapandwa, chujio linafanya kazi usiku na mchana, na chembe kidogo za chakula cha samaki hutiwa kila siku ili kuwalisha bakteria. Anayefahamiana na mtu mwenye tangi lililokomaa lenye samaki wazima anaweza kuomba kipande cha sponji ya chujio lake, na muda utapungua. Vifaa vya kupimia maji huonyesha tangi likiwa tayari: amonia sifuri, naitraiti sifuri, na naitreti imeanza kuonekana.

Mwanga na joto

Taa ya LED ya saa 6 hadi 8 kwa siku yatosha kwa mimea iliyotajwa hapo juu. Kuwasha taa tangu asubuhi hadi usiku hakuharakishi mimea, huotesha mwani. Swichi yenye saa husaidia, kwa kuwa mimea hupenda ratiba isiyobadilika. Gesi ya kaboni ya mitungi, ambayo baadhi ya wafugaji huitumia, haina lazima kwa mimea hii.

Usiku wa Naivasha, Gilgil na Molo huwa na baridi kali. Samaki wa nchi za joto wanahitaji nyuzi 24 hadi 26, hivyo hita yenye kidhibiti joto inafaa kununuliwa. Hita ya wati 50 hutosha tangi la lita 60 ndani ya nyumba. Kipimajoto kiwekwe upande wa pili wa tangi, mbali na hita, ili kionyeshe joto la maji yote.

Samaki wangapi, na wa aina gani

Tangi la lita 60 lianze na samaki wadogo 4 au 5. Baada ya wiki mbili, maji yakipimwa na kuonekana safi, wengine 4 au 5 huongezwa. Samaki mpya huachwa ndani ya mfuko wake ukielea juu ya maji kwa dakika 15, kisha maji ya tangi huongezwa mfukoni kidogo kidogo kabla ya kumhamisha kwa wavu. Maji ya mfuko hayamwagwi tangini.

Gapi ni samaki mwepesi kumtunza na huvumilia maji yenye pH ya juu kidogo. Hata hivyo, jike huzaa takriban kila mwezi, na anaweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi kadhaa. Familia inayonunua gapi sita wa mchanganyiko huenda ikawa na mamia ndani ya mwaka, na hapo ndipo wazo la kuwapeleka mtoni huanza. Njia rahisi ya kuliepuka ni kununua madume pekee. Ndio wadogo, na ndio wenye mikia mikubwa ya rangi.

Samaki wa dhahabu huvumilia baridi, lakini hukua wakubwa, huchafua maji sana na hung'oa mimea. Vifaranga vya ngege, yaani tilapia, hawafai kabisa kwa tangi la mimea. Kamba wa maji baridi kutoka Ziwa Naivasha wasichukuliwe na kufugwa nyumbani, kwani hutoroka kwa miguu na hukata kila mmea wanaoufikia.

Mimea na samaki kutoka nje ya nchi visiletwe kwa njia za panya. Mmea unaoingizwa Kenya unahitaji kibali cha KEPHIS kabla haujasafirishwa, na kuingiza samaki hai kunahitaji kibali kutoka kwa mamlaka za uvuvi. Ukaguzi huo huzuia magonjwa na magugu ambayo yakishaingia hayaondoki.

Kazi za kila wiki

Tangi lililokomaa halidai zaidi ya nusu saa kwa wiki.

1. Robo ya maji hutolewa kwa mpira na kubadilishwa na maji yaliyotayarishwa, yenye joto karibu sawa na la tangi. Mpira uanzishwe kwa kuujaza maji kwanza, si kwa kuunyonya kwa mdomo.
2. Majani yaliyooza huondolewa, na mimea iliyorefuka hupunguzwa.
3. Vioo hufutwa kwa sponji mpya ambayo haijawahi kugusa sabuni.
4. Sponji ya chujio husuuzwa mara moja au mbili kwa mwezi ndani ya maji yaliyotolewa tangini. Ikisuuzwa kwa maji ya mfereji, klorini huua bakteria, na tangi hurudi mwanzo.
5. Chakula hutolewa mara moja kwa siku, kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili. Samaki wazima wanaweza kukaa siku mbili au tatu bila kula. Chakula kinachobaki huwadhuru kuliko njaa hiyo.

Maji yanayotolewa yana naitreti na ni mbolea nzuri kwa sukuma wiki, nyanya na miche. Yachujwe kwanza kwa kitambaa ili vipande vya mimea visitoke nayo, kisha yamwagiwe udongo wa bustani iliyo mbali na mto, mtaro au ziwa.

Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kazi, na mwenye kidonda mkononi asiingize mkono tangini bila glavu. Kuna bakteria wa majini wanaoweza kuingia kwenye kidonda na kuleta maambukizi yanayochukua muda mrefu kupona.

Mambo yanapoharibika

Mwani ukizidi, mara nyingi sababu ni mwanga mrefu, chakula kingi au mimea michache. Taa ipunguzwe hadi saa 6, chakula kipunguzwe, na mimea iongezwe. Dawa ya kuua mwani iwe hatua ya mwisho, kwa kuwa baadhi huua mimea na konokono pia.

Samaki wakipandisha midomo juu ya maji wakitweta, maji yapimwe mara moja. Palipo na amonia au naitraiti, theluthi moja ya maji ibadilishwe siku hiyo, na kulisha kusimamishwe kwa siku mbili.

Stima ikipotea, samaki hawafi papo hapo ikiwa tangi halijajazana. Hatari huongezeka usiku, kwa sababu gizani mimea nayo hutumia oksijeni. Kuchota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena kutoka juu, kila baada ya muda, huingiza hewa. Pampu ndogo ya betri hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Tangi lifunikwe kwa blanketi pande zote ili kuhifadhi joto, na samaki wasilishwe hadi stima irudi. Chujio likiwa limesimama kwa saa nyingi, lisuuzwe ndani ya ndoo ya maji ya tangi kabla ya kuwashwa, kwa sababu bakteria waliokufa ndani yake huchafua maji.

Kuondoa kilichozidi

Hakuna kiumbe hai cha tangi kinachopaswa kwenda ziwani, mtoni, kwenye bwawa, mtaroni au chooni. Kanuni hii inahusu mimea, samaki, konokono na mayai yao.

Mimea iliyokatwa hutandazwa juu ya saruji au bati juani hadi ikauke na kuvunjika mkononi. Baada ya hapo hutiwa kwenye shimo la mboji au kuchomwa. Mimea mibichi isitupwe kwenye jaa lililo karibu na maji, kwa sababu mvua huisomba.

Samaki waliozidi hurudishwa dukani, au hupewa jirani au shule yenye tangi. Asipopatikana wa kuwachukua, ushauri utafutwe kwa afisa wa uvuvi au daktari wa mifugo. Samaki aliyekufa huzikwa udongoni. Kumwachilia samaki mtoni huonekana kama kumhurumia, lakini samaki wa tangi mara nyingi hufa huko kwa baridi au huliwa. Yule anayepona ndiye wa kuhofiwa zaidi, kwa kuwa anaweza kupeleka magonjwa na kuzaana.

Wenye vidimbwi vya bustani karibu na ziwa wana wajibu mkubwa zaidi. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Naivasha yalipopanda yalifika hadi kwenye nyumba za mtaa wa Kihoto. Kidimbwi chenye mimea ya kigeni mahali kama hapo kinaweza kuwa sehemu ya ziwa kwa usiku mmoja. Katika maeneo yanayofurika, mimea na samaki wa mapambo wafugwe ndani ya nyumba tu, kwenye tangi lililoinuliwa, na dalili za maji kupanda zikionekana vihamishwe mapema.

Pa kuuliza

Chini ya Katiba ya mwaka 2010, uvuvi pamoja na udhibiti wa magonjwa ya mimea na wanyama ni miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Mkazi anayetaka ushauri kuhusu samaki, au aliyeona mmea au samaki asiyemfahamu ziwani, mtoni au kwenye bwawa, apige ripoti katika ofisi ya uvuvi ya kaunti ndogo yake au kwa afisa wa kilimo wa wadi. Picha ya simu inayoonyesha majani na mizizi, pamoja na jina la mahali na tarehe, husaidia sana. Mmea usisafirishwe ukiwa mbichi, kwani vipande huanguka njiani.

Gugu likigunduliwa likiwa bado ni rundo dogo, watu wachache wanaweza kuling'oa kwa mikono kwa siku moja. Likishalifunika ziwa, kazi hiyo huwa ya miaka mingi na gharama kubwa.